Wimbi la ugonjwa likipanda Kigoma: tufunge shule zote, tuziache wazi, au tufunge kidogokidogo?

Mei 15, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi. Hapa Kigoma hakuna asiyekumbuka. Mitumbwi ilivutwa mchangani, dagaa wakapanda bei, na akina mama wa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, wakakaa mikono mitupu. Lakini tangu siku ya kwanza kila mvuvi alijua mambo mawili: ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, na mwisho wake ni Agosti 15.

Machi 17, 2020 zilifungwa shule. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza siku 30, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Siku 30 zikaisha, watoto wakabaki nyumbani. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wanafunzi wa msingi wakarudi Juni 29. Zile siku 30 zilikuwa zimezidi 100.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu na wajumbe wa kamati za shule, kwa sababu swali hili litarudi. Limekuja na kipindupindu, limekuja na korona, na mwaka 2024 lilianza kunong'onwa tena pale mpox (homa ya nyani) ilipoenea Burundi, hapo ng'ambo ya mpaka wa Manyovu. Amri ya kufunga nchi nzima hutoka Serikalini, hiyo haitungojei sisi. Ila ugonjwa ukianzia kwenye kata moja au shule moja, watu wa afya na elimu wa halmashauri hufika na kuuliza: maji yapo? Madarasa yana hewa? Wazazi wanasemaje? Kamati iliyokwisha kulifikiria jambo hili huwa na la kujibu.

Kwanza, ugonjwa wenyewe unapita wapi?

Kwenye vikao vyetu neno "mlipuko" hutumika kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Siyo. Kila ugonjwa una njia yake, na kufuli la darasa huziba baadhi ya njia tu.

Chukua homa kali ya mafua, ile inayozunguka dunia nzima kama mwaka 1918 na tena mwaka 2009. Watoto ndio wasambazaji wake wakubwa. Wanakaa karibu karibu, wanakoholeana usoni, wanarudi nao nyumbani. Mtu huanza kuugua siku moja hadi nne tangu aambukizwe, kwa hiyo wimbi hupanda haraka sana. Hapa kufunga shule mapema kunapunguza kasi kweli, na nitaeleza mbele.

Korona ilikuwa tofauti. Watoto wengi waliugua kidogo au hawakuonyesha dalili, na uzito ukawaangukia wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu. Sasa angalia nyumba zetu. Wanafunzi wangu wengi wanalelewa na bibi. Shule ikifungwa, mtoto anaondoka darasani na kwenda kukaa na bibi, chumba kimoja, jiko moja, huku akiwa ameshinda na wenzake sokoni asubuhi. Tulidhani tunamlinda bibi, kumbe tunampelekea.

Kipindupindu kina njia nyingine kabisa. Mei 2015 tulikiona Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa mpakani na Burundi, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi walipojikuta wamerundikana hapo bila maji safi wala vyoo vya kutosha, wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete mjini. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, na dalili huweza kuanza ndani ya saa chache mpaka siku tano. Mtoto haupati ugonjwa huu kwa kukaa dawati moja na mwenzake. Anaupata kwenye kikombe cha maji, kwenye choo kisicho na pa kunawia, kwenye tunda lililooshwa kwa maji ya mtaro. Ukifunga shule isiyo na maji ukamrudisha mtoto kwenye nyumba isiyo na maji, umebadilisha mahali tu. Na kama shule ina maji yaliyotiwa dawa na nyumbani hakuna, basi umemtoa kwenye usalama.

Marburg, ugonjwa wa virusi uliofika Kagera mwaka 2023 na tena 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu. Kinachouzuia ni kuwatafuta wote waliomgusa mgonjwa na kuwafuatilia kwa siku 21. Mpox nayo hupita zaidi kwa kugusana ngozi. Kwa magonjwa haya mawili mwanafunzi aliyemgusa mgonjwa akae nyumbani akiangaliwa. Shule zote za mkoa hazina sababu ya kufungwa kwa ajili yake.

Kufunga shule zote

Hoja ya wanaotaka kufunga siyo ya woga, na sipendi inapodharauliwa. Mwaka 1918 jiji la Philadelphia kule Marekani liliruhusu gwaride kubwa mwishoni mwa Septemba wakati mafua yamekwisha kuingia, halafu likafunga mambo kwa kuchelewa. St. Louis ilifunga shule na kumbi mapema mwezi Oktoba, na vifo vyake vikawa vichache kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mwaka 2009 Mexico ilifunga shule nchi nzima kwa takriban wiki mbili mafua mapya yalipoibuka, kisha ikafungua. Faida ya kufunga ni kununua muda. Wagonjwa hawaji wote wiki moja, vitanda vinatosha, hewa ya oksijeni inatosha. Kwa mkoa wenye hospitali moja kubwa ya rufaa, muda huo ni uhai wa watu.

Lakini muda huo una bei, na bei hiyo hailipwi na wote kwa usawa. Nilivyoona mwenyewe ni hivi.

Juni 29, 2020 niliingia darasa la sita na daftari la mahudhurio. Nikaanza kuita majina kama kawaida. Kuna jina moja nililiita, darasa likanyamaza. Nikarudia. Msichana wa dawati la mbele akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo ameshahamia kwa mume." Alikuwa na miaka 14. Mwezi Machi alikuwa anaongoza hesabu darasani kwangu, na wiki ya kwanza baada ya kufungwa nilimkuta mwaloni anaanika dagaa na mama yake mdogo. Nikamwuliza kama anasoma nyumbani. Akanionyesha daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Lile daftari nalikumbuka hadi leo.

Mama yake alinikuta barabarani siku chache baadaye. "Mwalimu," akaniambia, "shule mlifunga nyinyi. Mimi nashinda mwaloni tangu alfajiri, huyu nilikuwa nimwache na nani?" Sikuwa na jibu, na sikuona haki ya kumlaumu.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Sierra Leone ilikaa na shule zimefungwa kwa sababu ya Ebola, zikafunguliwa Aprili 14, 2015, na wasichana wengi wakawa wamepata mimba, kisha wakazuiwa kurudi darasani kwa agizo lililodumu hadi mwaka 2020. Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua baadhi ya madarasa katikati, ikafunga tena, na shule zote hazikufunguliwa hadi Januari 10, 2022. Ni karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Kwetu sisi mwanafunzi aliyepata mimba hakuwa na njia ya kurudi kwenye mfumo rasmi hadi Novemba 2021, Serikali ilipoondoa zuio hilo. Kwa hiyo aliyepotea wakati wa korona alikuwa amepotea moja kwa moja.

Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Ni jambo jema, na ninawashukuru waliovitengeneza. Ila kwenye nyumba nyingi redio ni simu ya baba, na baba anaondoka nayo. Mtoto wa darasa la kwanza hajifunzi kusoma kwa kusikia sauti tu. Anahitaji mtu wa kumshika kidole na kumpitisha kwenye herufi.

Na kuna chakula. Kwenye shule zenye uji, kile kikombe cha saa nne ndicho mlo wa kwanza wa siku kwa baadhi ya watoto. Geti likifungwa, kinafungwa nacho.

Kuacha shule wazi

Upande huu nao una historia yake. Mwaka huo huo wa 1918, New York na Chicago ziliamua kutofunga. New York ilikuwa na watoto wa shule wapatao milioni moja, wengi wao wakiishi kwenye nyumba za kupanga zilizosongamana. Wakuu wa afya wakaona darasa lenye madirisha makubwa na muuguzi ni salama kuliko chumba cha giza chenye familia nzima. Kila asubuhi watoto walikaguliwa, mwenye dalili akarudishwa nyumbani au kupelekwa hospitali. Mwaka 2020 jirani zetu wa Burundi nao hawakufunga, watoto wao wakaendelea na masomo wakati wetu wako mitaani.

Tatizo ni kwamba watu husikia "wazi" wakaelewa "kama kawaida". New York haikuacha shule kama kawaida. Ilikuwa na madaktari na wauguzi wa shule. Sisi tuna nini?

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamefurika, na ni furaha. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mimi nimewahi kusimama mbele ya watoto 112 kwenye chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati, wengine sakafuni. Kiwango cha choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kila mjumbe wa kamati achukue kalamu agawanye idadi ya watoto kwa matundu yaliyopo kwenye shule yake. Jibu atakalopata ndilo litamwambia kama "kuacha wazi" ni uamuzi au ni kutofanya uamuzi.

Yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Kibuyu chirizi ni mfano. Unachukua dumu la lita tano la mafuta ya kula, unalitoboa tundu karibu na mdomo kwa msumari wa moto, unalining'iniza kwenye mti uliolazwa, unafunga kamba inayoshuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto anakanyaga, maji yanachirizika, mikono haigusi dumu. Sabuni ya kipande unaifunga kwenye kipande cha chandarua na kuining'iniza pembeni, la sivyo saa tano itakuwa imekwenda. Tulitengeneza 14 kwa siku mbili. Kazi ni nani atajaza maji kila asubuhi. Usipoandika zamu kwa majina, ikifika Ijumaa madumu ni makavu.

Kukagua wagonjwa mlangoni ni kugumu zaidi kwetu kuliko miji ya wenzetu. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria huanza na homa. Ukisema kila mwenye joto arudi nyumbani, masika yote darasa litakuwa nusu. Kwa hiyo kanuni ya "homa, rudi" lazima iende pamoja na zahanati: mtoto apimwe malaria kwanza, kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Akiwa na malaria apewe dawa. Asipokuwa nayo na anakohoa, ndipo abaki nyumbani. Kamati ikae na mganga wa zahanati iliyo karibu mapema, kabla ya wimbi, wakubaliane watoto watapokelewa vipi bila kukaa foleni moja na wagonjwa wengine.

Kufunga kidogokidogo

Njia ya tatu haina kelele za mbili za kwanza, na ndiyo ninayoiamini kwa milipuko mingi itakayotufikia. Ni kufunga darasa badala ya shule, shule badala ya kata, kata badala ya mkoa, na kwa siku zinazotokana na ugonjwa wenyewe. Mafua yakiingia darasa la nne B, darasa hilo likae nyumbani wiki moja, mengine yaendelee. Kipindupindu kikipatikana shuleni, funga siku chache, tia dawa tangi, safisha vyoo, fungua.

Kuna zamu pia: nusu ya watoto asubuhi, nusu mchana. Inapunguza msongamano bila kumpoteza mtoto, kwa sababu kila siku jina lake linaitwa. Inamchosha mwalimu, sifichi, maana somo lile lile analifundisha mara mbili kwa mshahara ule ule. Kamati ikichagua zamu iseme na namna ya kuwabeba walimu, hata kama ni chakula cha mchana tu.

Kuna kuvuta likizo. Watoto wana likizo ya katikati ya mwaka. Wimbi likipanda Mei, kuomba likizo iletwe mbele wiki mbili au tatu ni nafuu kuliko kufunga halafu kuwa na likizo tena. Ruhusa hiyo iko juu ya shule, lakini ombi laweza kuanza chini.

Na kuna jua letu. Kuanzia Juni mpaka Septemba Kigoma ni nadra kunyesha. Ujiji ina miembe mikubwa ambayo imewapa watu kivuli tangu enzi za misafara. Kwa ugonjwa unaopita hewani, darasa chini ya mwembe ni bora kuliko chumba chochote tulichonacho. Ubao wa kuegemeza, mikeka, basi. Mvua zikianza kuelekea Novemba njia hii inafungika, na ndiyo maana uamuzi wa Julai hauwezi kunakiliwa Desemba.

Jambo moja nalipinga waziwazi: mazoea ya kuwarudisha wa mitihani kwanza. Mwaka 2020 kidato cha sita walitangulia, na nchi nyingi zilifanya hivyo. Naelewa mtihani haungoji. Lakini mtoto wa miaka 18 anaweza kusoma kitabu peke yake. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha "ba" na "ta", ukimwacha miezi mitatu anarudi sifuri. Nilianza upya na kundi hilo mwaka 2020, kuanzia irabu. Kama nafasi ya darasani ni chache, wadogo waingizwe sambamba na wa mitihani. Wasiwe wa mwisho.

Mimi ningechagua hivi

Ugonjwa ukiwa unaua watoto wenyewe na unapita hewani, ningekuwa wa kwanza kusema fungeni, na fungeni leo, msisubiri mgonjwa wa kumi. Ukiwa unapita hewani na kuumiza wazee zaidi, ningetaka zamu, madirisha, miembe, na watoto wanaoishi na wazee wagonjwa wapewe kazi za kufanyia nyumbani. Ukiwa wa maji, ningetaka shule ibaki wazi, isipokuwa zile siku chache za kusafisha, na fedha zote ziende kwenye maji na vyoo. Ukiwa wa kugusana, afuatiliwe aliyemgusa mgonjwa.

Na popote kufuli litakapowekwa, mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo, kabla ya kupiga muhuri. La kwanza ni tarehe ya kukutana tena kuamua, isizidi siku 14, hata kama siku hiyo uamuzi utakuwa kuendelea kufunga. La pili ni nani atapita nyumba gani. Mwaka 2020 hatukuwa na hata orodha ya namba za simu za walezi. Sasa kila mwalimu wa darasa kwetu anayo, pamoja na jina la mtaa na la jirani mmoja. Tumekubaliana kwamba shule ikifungwa, kila mtoto ataonwa au kupigiwa mara moja kwa wiki, na tutaanza na wasichana wa darasa la tano, la sita na la saba.

Madirisha ya vyumba viwili bado yamezibwa kwa matofali. Kikao cha wazazi ni Jumamosi hii, na hiyo ndiyo ajenda ya kwanza.